Mchombe na Debe la Askari Nyama

Watu wa Ifakara tulimwita Askari Nyama, kwa sababu ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Alikuwa askari wa Bwana Nyama, yule mzungu wa serikali aliyesimamia wanyama wa bonde zima. Tembo akiingia shamba la mtu, kiboko akifyeka mpunga, nyati akimjeruhi mwanamke njiani, jumbe alituma mtu kumwita. Alifika na baiskeli ya serikali, bunduki begani, akamaliza kazi, watu wakagawana nyama. Jina la ubatizo bila shaka alikuwa nalo, maana Jumapili alipokea komunyo kama wengine. Mimi sikuwahi kulisikia, na hata mama yangu, aliyejua majina ya watu wote wa Kibaoni, mtaa wetu, pamoja na ya mbuzi wao, hakulijua.

Alikuwa mfupi, miguu ya matege, kaptula ya kaki yenye viraka vingi kuliko kaki yenyewe, na kofia pana aliyoivua mbele ya watu wawili tu: padri na mwanamke mzee yeyote. Alisema kidogo. Ukimuuliza habari za safari alijibu "tumerudi", basi, hata kama huko alikotoka kalala juu ya mti kwa hofu ya simba. Waliotaka visa vya simba walikwenda kwa watu ambao hawajawahi kumwona.

Mtu huyu aliyesimama mbele ya tembo aliogopa mbwa. Siku moja alipita kwetu kuomba maji, mtoto wa mbwa wa jirani akamjia akitikisa mkia, na kabla mama hajatoka na kata, mgeni wetu alikuwa amekwisha panda juu ya kinu. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa amekaa pale anapepeta. Alicheka mpaka ungo ukamdondoka. Akasema kumbe tembo wana bahati mbaya, Mungu kawanyima kubweka. Askari Nyama alibaki juu ya kinu, kofia mkononi, akamjibu kwa adabu zote kwamba tembo huwa haji kukunusa miguu.

Kuku naye hakuweza kumchinja. Aliyepiga nyati na viboko wa bonde zima alimbeba kuku kwapani, akampeleka kwa jirani, akageuza uso ukutani mpaka kelele ziishe. Kisha alikula mapaja yote mawili. Nyama aliipenda, na hakuona haya. Aliyemuuliza inakuwaje, alijibiwa kwamba kula ni kitu kimoja na kuchinja ni kitu kingine, na kwamba bunduki inapiga kwa mbali.

Nyuma ya nyumba yake, kuelekea Mto Lumemo, alikuwa na bustani ya wanyama. Ilianza na sheshe mmoja, yule swala mwekundu wa mbuga zetu, mdogo kiasi cha kubebwa kwenye kapu la baiskeli. Akaongezeka korongo aliyevunjika bawa, kobe wawili, nungunungu, tumbili mwizi, na mwisho mtoto wa kiboko. Uzio ulijengwa na majirani, kila mmoja na mianzi yake, na misheni ikatoa seng'enge iliyozeeka. Magogo yakalazwa kivulini yakawa viti. Hapakuwa na kiingilio. Aliyetaka kuja alikuja, Mkristo, Mwislamu, mvuvi, mwenye shamba, mwenye viatu na asiye navyo.

Baba yangu alikaa muda mrefu bila kutupeleka kwa sababu hiyo hiyo, kwamba ni bure. Alikuwa mkulima, na mkulima wa wakati ule alijua serikali kwa upande mmoja tu. "Cha bure kina kodi nyuma yake," alisema, na kila tulipomsumbua alirudia hivyo hivyo. Ila watoto wa jirani walikwenda wakarudi wakiigiza mlio wa kiboko, mdogo wangu Petro akaacha kula kwa hasira, na mama akatia neno lake, ambalo lilikuwa fupi. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tukaenda.

Tulikwenda na nguo zetu za kanisani. Mama alibeba wali na kambale wa kukaanga kwenye majani ya mgomba, baba alimbeba Petro, mimi nilibeba kikapu cha pumba. Kila familia ilibeba kitu: pumba, mashuke ya mpunga, majani ya viazi, ukoko wa wali. Hakuna aliyeagizwa. Watu wetu hawajui kwenda kwa mtu mikono mitupu, na kwa kuwa mwenye nyumba alikataa zawadi, zawadi zilikwenda kwa wanyama. Tumbili wake alikuwa na kitambi.

Bibi alinung'unika njia nzima. Kwao, upande wa Mahenge, alisema, mnyama anatazamwa sufuriani, na hajapata kusikia watu wazima wanaofunga safari kwenda kumtazama akiwa na manyoya yake. Tulipofika penye sheshe alisimama, akamkagua kuanzia shingo mpaka mapaja, akauliza kwa sauti kama nyama yake huwa laini.

Sasa, bustani ile ilikuwa na sheria moja. Unaweza kukaa, kula, kulala, kuimba. Ukiuliza kuhusu ladha ya mnyama yeyote, unakwenda mtoni kumchotea maji. Askari Nyama akavua kofia. "Shikamoo mama," akamwambia Bibi, kisha akamwekea debe tupu miguuni. Bibi alimtazama, akamtazama baba. Baba, na suruali yake ya misa, akaenda Lumemo kuchota maji. Alirudi amelowa hadi magotini, na hapo ndipo nilipomsikia Askari Nyama akicheka kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Tangu siku ile tulikwenda mara kwa mara. Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa khanga, tayari kwa safari.

Kilichotuvuta wote ni yule kiboko, Mchombe. Askari Nyama alimlea kwa uji wa mchele, maana maziwa ya ng'ombe yalikuwa shida, akimnywesha kwa kibuyu kama mama mzazi. Alipokua akahamia kwenye kidimbwi kilichochimbwa na vijana wa kwaya, na mlo wake ukawa pumba na mashuke tuliyoleta sisi. Saa kumi jioni Askari Nyama alichukua debe lake na fimbo, akapiga. Du, du, du. Maji yakatikisika, kichwa kikatoka, sikio la kushoto limekatika ncha, na Mchombe akapanda ukingoni akija moja kwa moja kwenye mlio, mdomo wazi. Watoto walipiga kelele kwa furaha. Askari Nyama aliwaruhusu wapige debe kwa zamu. Petro alipopata zamu yake hakulala usiku kwa kujisifu.

Majina ya wanyama wale yalinishangaza. Sheshe aliitwa Mngeta, kiboko Mchombe, nungunungu aliitwa Mofu, kila mmoja na kijiji chake. Niliamini kwamba alikuwa akikumbuka tu mahali alikowaokota. Mama ndiye aliyenifungua macho, tukiwa tunaosha vyombo, bila kubadili sauti. Alisema, huwezi kuokota mtoto wa kiboko, mama yake anakukata vipande viwili. Kule Mchombe ndiko alikompiga mama yake, kwa amri ya jumbe, kwa sababu ya mpunga wa watu. Na kule Mngeta vivyo hivyo.

Baada ya kuambiwa hayo nilimwangalia kwa jicho lingine. Kila alipomwita mnyama kwa jina alikuwa anajikumbusha, na alikuwa akiwaita siku nzima. Sikumwona kama mwongo au mnafiki. Niliona ni mtu aliyeamua kutosahau, na akatafuta njia ya kutosahau iliyo na kazi ndani yake.

Padri alimgombeza kwa kuchelewa misa, kwani asubuhi alikuwa akilisha. Yeye alijibu kwamba siku zote zile za gharika Nuhu hakwenda misa hata mara moja, na Mungu hakumlaumu. Baada ya hapo misa ilianza kuchelewa kidogo.

Gharika yenyewe ilikuja. Bonde letu hufurika kila masika, hilo si jambo la kushangaza, lakini mwaka ule Lumemo ilipanda usiku ikaingia mpaka kwenye viti vya magogo. Askari Nyama alifungua uzio wote. Kobe aliwabeba ndani ya kofia, korongo alimbeba, sheshe akaruka mwenyewe. Mchombe hakuhitaji msaada wa mtu. Maji yalipokutana na kidimbwi chake aliingia mtoni na hakuonekana tena. Watu walimpa pole Askari Nyama kama aliyefiwa. Akawajibu kwamba pole ni za nini, mtoto amekwenda kwao.

Maji yalipopungua tukahamia shamba, kama familia zote. Shamba letu lilikuwa bondeni, karibu na mto mkubwa, na mpunga ukianza kutoa mashuke hauachwi peke yake. Unajenga dungu, kibanda cha juu ya nguzo, unaishi humo na watoto na sufuria mpaka uvune. Asubuhi unafukuza ndege, mchana ngedere, jioni nguruwe pori na viboko. Silaha ya kila dungu ni debe. Anayeona mnyama anapiga debe, jirani anapokea, anayefuata anapokea, bonde zima linalia mpaka mnyama anakimbia. Hivyo ndivyo walivyofanya babu zetu kwa ngoma, na sisi kwa debe.

Jioni moja, jua bado lipo, kiboko alitokea kwenye matete. Baba akapiga debe. Kiboko akageuza kichwa, akaanza kuja. Baba akapiga kwa nguvu zaidi. Kiboko akaongeza mwendo, akakata katikati ya mpunga uliokuwa tumaini letu la mwaka mzima. Jirani zetu, kwa kutusaidia, nao wakapiga madebe yao. Alifika chini ya dungu letu, akasimama, akafungua mdomo. Mama alimkumbatia Petro. Mimi niliona sikio la kushoto.

"Ni Mchombe," nikasema.

Baba alibaki ameshika fimbo hewani. Bibi alichungulia chini, akasema tumwambie hatujapika.

Aliondoka alipochoka kungoja, akila njiani. Kesho yake alikwenda kwa jirani, na huko nako walimpigia debe kwa juhudi zote. Akaegemea nguzo ya dungu, dungu likaanguka, jirani yetu akavunjika mkono. Hapo jumbe hakuwa na la kufikiri. Alituma mtu kwa Askari Nyama: mnyama apigwe.

Wazee wa bonde walilizungumza jambo hilo kwa miaka. Mnyama tuliyemlisha sisi wenyewe, mpunga wetu wenyewe, tukampigia debe ale, kisha tukashangaa kwamba debe linamleta kwenye mpunga. Lakini wakati ule hapakuwa na kicheko. Nusu ya shamba letu ilikuwa imelala chini, na nusu iliyobaki ilikuwa ndiyo chakula chetu na kodi ya baba.

Askari Nyama alikuja asubuhi kwa miguu, bunduki begani. Alikuwa ameanza na madungu ya juu, akishuka moja moja. Mama alimkaribisha uji, akakataa kukaa. Alivua kofia kwa ajili ya Bibi, akaishika hivyo hivyo.

"Baba Tekla," akamwambia baba, kwa kuwa Tekla ni mimi, "bustanini kwangu ulikuja?"

"Nilikuja mara nyingi, mzee."

"Nilikutoza nini?"

"Hukunitoza kitu."

"Leo nimekuja kudai kiingilio."

Askari Nyama akaeleza, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kama siku ile. Aliomba tusipige debe mpaka tuvune. Ndege tuwafukuze kwa kombeo na kwa midomo yetu, nguruwe kwa moto, lakini debe lisisikike bonde zima. Alisema debe ni yeye aliyemfundisha, na Mchombe asipolisikia atachoka, atawafuata wenzake mtoni. Jumbe amekubali kungoja kwa sharti moja. Akiukanyaga mpunga wa mtu mara moja tu tena, Askari Nyama atampiga mwenyewe, na nyama ataileta mlangoni kwa kila mmoja.

Baba alilitazama shamba. Nilijua anachokifikiri, kwa sababu hata mimi mtoto nilikifikiri. Bila debe, nguruwe wangeingia. Tungeweza kumaliza mwaka tukiomba mchele kwa ndugu. Risasi moja ingemaliza mambo yote leo hii, na tungekula nyama.

"Mzee," baba akasema polepole, "unaniomba chakula cha watoto wangu."

"Ndiyo," akajibu Askari Nyama. "Ndicho ninachokuomba."

Bibi ndiye aliyemaliza. "Mwanangu, si ulisema cha bure kina kodi nyuma yake? Hiyo hapo imekuja. Lipa."

Baba alishuka ngazi, akachukua debe, akaenda kulijaza maji mpaka juu, akaliweka chini ya dungu. Debe lililojaa halilii. Askari Nyama alivaa kofia, akaenda dungu linalofuata.

Sijui aliwaambia nini wengine. Najua kwamba bonde lilinyamaza. Tulipiga makofi, tuliimba, tulirusha udongo kwa kombeo, Bibi aliwatukana ndege mpaka sauti ikakauka. Nguruwe walikula kona nzima ya shamba letu, na baba hakulitaja jambo hilo mbele yetu hata mara moja.

Mchombe alirudi. Ilikuwa saa yake ile ile ya kulishwa. Alitoka kwenye matete akasimama ukingoni mwa mpunga wetu, masikio yanazunguka. Askari Nyama alikuwa amekaa kwenye nyasi upande wa pili, bunduki magotini, kisha nikaona ameiinua begani. Petro alifungua mdomo kumwita mnyama, mama akamziba. Hakuna aliyepiga kofi. Hakuna aliyekohoa. Mchombe alisikiliza kwa muda mrefu, akanusa shuke la kwanza, akala majani ya ukingoni, akasikiliza tena. Kisha akageuka, akarudi kwenye matete, na maji yakamfunika.

Wakati ule nilimhurumia Mchombe, kuona ametutafuta tukamnyamazia. Leo ninapokumbuka namhurumia zaidi yule aliyekuwa amelenga. Bunduki hakuishusha mpaka giza lilipoingia.

Tulivuna kidogo. Tulikula mihogo zaidi ya tulivyozoea, na hatukufa. Bustani hakuijenga tena, ingawa watu walimletea mianzi. Aliipokea, akajengea banda la kuku.

Nilimwona kwa mara ya mwisho pale Kivukoni. Nilikuwa nimekwisha olewa, nakwenda Mahenge kwenye matanga ya Bibi, yeye akivuka kwenda kwa binti yake. Alikuwa amestaafu, amekonda, kofia ile ile, na kapuni ana kuku hai, bila shaka akitafuta wa kumchinja. Nilimwamkia. Hakunitambua mpaka nilipomtajia debe la maji na suruali ya baba. Alinipa pole ya Bibi, akasema alikuwa mama aliyejua kulipa.

Pantoni ilipoachana na ukingo nikamuuliza kama amewahi kupata habari za Mchombe.

"Sijapata," akasema.

"Hukumtafuta?"

"Habari za kiboko zinaletwa na wenye mashamba, mwanangu. Nikikaa mwaka bila kusikia neno, namshukuru Mungu."

Katikati ya mto kulikuwa na viboko, kundi zima, karibu na njia yetu. Abiria wakaanza kunong'ona. Mwanamke mmoja aliyekaa mbele yetu alikuwa na debe tupu, akaligeuza, akapiga kwa kiganja kama tunavyofanya sote. Viboko wakazama mmoja baada ya mwingine. Mmoja akabaki juu, macho na masikio, ametuelekea. Kwa umbali ule sikuweza kuliona sikio la kushoto vizuri.

Askari Nyama aliinuka kwa shida, akaweka kiganja chake juu ya debe.

"Acha, mama."

"Mzee, si ndiyo tunawafukuza?"

"Wengine," akasema.

Aliuacha mkono wake juu ya debe mpaka pantoni ilipogonga ng'ambo, na muda wote huo hakugeuka kutazama maji.